Msingi Upi?

Injinia Anyitike alikuja Isanza wakati wenzake wote wanaondoka. Kampuni ilikuwa imeufunga mgodi wa dhahabu, na wiki nzima nilikaa mlangoni pa duka langu nikitazama magari yanavyoteremka na magodoro juu. Wapishi, madereva, mabwana wa maabara, wote walitupungia mikono kwa furaha, utadhani sisi ndio tuliokuwa tumewafunga jela. Gari moja tu lilipanda. Likasimama mbele yangu, akateremka mwanamume mrefu, mtu mzima wa kukaribia kustaafu, amevaa kofia ya sufu kwenye jua la Mpwapwa.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mama. Samahani, maji ya mvua hapa kwenu huwa yanapita wapi?"

Hakuomba soda. Hakuuliza pa kulala. Nikamwambia, "Baba, hapa hata ya kunywa yanatupita pembeni, wewe unauliza ya mvua?" Hakucheka wala hakukasirika. Alisimama pale pale akingoja jibu, mpaka nikaona aibu, nikamwonyesha kwa kidole.

Mimi naitwa Batuli, lakini kijijini wananiita Mama Abdu, kwa ajili ya mwanangu Abdulwahab, ambaye yuko Mwanza na hupiga simu akikumbuka kwamba ana mama. Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nilikuja Isanza na mume wangu mgodi ulipofunguliwa, tukajenga duka karibu na geti. Mume wangu amezikwa nyuma ya duka hilo, chini ya mgunga. Nayasema haya mapema ili usije ukashangaa kwa nini mwanamke anayeuza sabuni na chumvi anajua habari za mitaro.

Ukitazama Isanza leo utaona mlima mmoja usiofanana na mingine. Umekatwa juu kama meza, pembeni umenyooka, una majani ya kupandwa kwa mistari. Huo si mlima wa Mungu. Tunauita Mlima wa Kampuni. Ni mawe yote waliyoyatoa ardhini miaka ile na kuyarundika. Ndani yake kuna mawe mabaya, ambayo yakipata maji yanatoa majimaji mekundu, machungu, yanaua hata magugu. Kampuni kabla ya kuondoka iliyafunika kwa udongo wa mfinyanzi, juu yake ikaweka udongo wa shamba, juu yake majani. Kisima chetu kiko chini ya mlima huo, upande wa duka langu.

Serikali ilisema hivi, na mwenyekiti akaturudia mara nyingi mpaka tukakariri: kifuniko kile kikistahimili misimu miwili ya mvua bila kupasuka, ardhi itarudishwa kwa kijiji, watu walishe mifugo. Kikipasuka, na yale mekundu yakafika kisimani, kijiji chote kitahamishiwa tambarare, huko mbele ya Mlali. Mlali kuzuri, sikatai. Lakini mume wangu yuko nyuma ya duka, na mume hahamishwi kama godoro.

Sasa kazi ya kuzuia kifuniko kisipasuke walimpa mtu mmoja, huyu wa kofia ya sufu.

Alikaa kwenye kambi ya zamani ya kampuni. Nyumba nyingine zote zilikuwa zimeng'olewa mabati, ikabaki yake katikati ya kuta zilizo wazi. Kwao ni Tukuyu, ambako mvua hainyeshi, inaishi. Mkewe alikwisha kufariki. Alikuwa na binti mmoja, Ruthu, anafanya kazi kwenye wizara mojawapo kule Mtumba, mji wa serikali Dodoma, msichana mwenye kazi nyingi. Hayo niliyapata kidogo kidogo, kwa sababu Injinia si mtu wa kumwaga maneno. Ukitaka aongee, mwulize maji.

Ukimwuliza maji, basi umekwisha. Chai itapoa. Alinifundisha kwamba maji yanatakiwa yateremke yakitembea. Yakianza kukimbia, yamekushinda. Ndiyo maana alichimba mtaro mkubwa juu kabisa, unaozunguka bega la mlima. Aliuita mtaro wa kinga. Huo uliyapokea maji yakiwa bado machanga, ukayapeleka polepole upande wa pili, mbali na kisima. Kule yalishuka kwenye ngazi za mawe yaliyopangwa, ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi ikiyapunguzia hasira. Chini yakaingia kwenye kalavati kubwa, yale mabomba ya zege yanayopita chini ya barabara, halafu yakamwagikia korongoni.

Wakubwa wa Mtumba walitaka mabomba madogo. "Injinia, Dodoma mvua iko wapi?" walimwambia. Akawajibu kwamba mvua ya Dodoma ni chache lakini haina adabu; inakuja siku moja na haraka zake zote za mwaka mzima, na ardhi iliyokaangwa na jua hainywi, inamwaga kama sakafu. Walivutana naye kiangazi chote. Mwishowe akapata mabomba makubwa, mawili kwa pamoja, na jina la mkaidi.

Kila jioni alikuja dukani kununua kiberiti. Kiberiti kimoja. Mtu havuti sigara, na jiko lake ni la gesi, lile la kujiwasha. Mwanzoni nilidhani anachoma majani ya mitaroni. Kumbe hachomi chochote. Anachukua kiberiti chake, anakaa kwenye benchi, tunatazama barabara isiyopita mtu. Nami ni mjane mwenye ulimi, nilizoea kuongea na redio, na redio hainijibu. Sikumwuliza habari za viberiti. Kuna mambo ukiyauliza yanakoma.

Mvua za msimu wa kwanza zilipita salama. Watu wakikimbilia ndani, yeye alivaa koti lake la mpira akaenda kusimama juu ya kalavati, ameinamisha kichwa. Siku moja nikamfuata na mwavuli, kwa ubishi tu, nijue anatafuta nini.

"Nasikiliza," akasema. "Bomba likiwa safi linavuma. Likizibwa na kitu linakoroma."

"Kama marehemu mume wangu," nikasema.

Hapo alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Pale juu ya kalavati, upande wa kulia ukielekea Kibakwe, ndipo pia mahali pekee chini ya mlima panaposhika mtandao wa simu. Kwa hiyo hata wasiojali maji walipajua.

Msimamizi wa vibarua wake alikuwa Matonya, Mgogo wa hapa hapa, mtu wa nguvu na wa furaha, anayeimba kwaya kanisani na kuimba hata akichimba. Mimi nampenda Matonya, ingawa siku nitakayoisimulia nilikaribia kumpiga na kopo la Blue Band.

Ulikuwa msimu wa pili, mwanzoni. Injinia alikuwa ameongeza ukuta mdogo kwenye mdomo wa kalavati, kushikilia udongo. Wameuchimbia msingi, wamejenga, ukuta umesimama, lakini shimo la pembeni mwa msingi lilikuwa halijajazwa udongo. Katikati ya kazi hiyo Mtumba wakamwita kikaoni. Aliondoka akiwa na karanga nilizomkaangia, za Ruthu. Alikuwa amezifunga vizuri kwenye mfuko wa karatasi, akauweka mapajani mwake ndani ya gari, si kwenye begi.

Kesho yake akampigia Matonya simu. Matonya alikuwa juu ya kalavati, nami nilikuwa jirani yake nikimtafuta Abdulwahab bila mafanikio, kwa hiyo nilisikia. Matonya huweka simu sauti ya juu, kijiji kizima kishiriki.

"Matonya, mawingu nayaona hata huku. Fukieni msingi. Msiningoje."

"Msingi, Injinia?"

"Msingi. Wote. Mshindilie vizuri."

"Sawa sawa, Injinia! Mungu akubariki sana!"

Mimi pia sikuona kosa. Nieleze kwa nini. Kwa watu waliosomea ujenzi, msingi ni wa nyumba, ni wa ukuta. Kwetu Isanza, msingi ni mtaro wa maji. Tunawaambia watoto wasicheze msingini. Tunasema msingi umejaa takataka. Na ule mtaro mkubwa kule juu, ambao yeye aliuita wa kinga, hakuna mtu hata mmoja kijijini aliyewahi kuuita hivyo. Wote waliuita msingi wa juu. Halafu ukumbuke kwamba msimu wa kwanza ng'ombe wa mfugaji mmoja, Meshack, aliingia humo akavunjika mguu, akachinjwa. Tangu siku hiyo wafugaji walikuwa wanamlilia Matonya amwombe Injinia aufukie ule msingi. Kwa hiyo simu ile haikuwa ya ajabu kwao. Ilikuwa jibu. Injinia amewasikia.

Walipanda siku ile watu wengi kuliko vibarua, wengine bila malipo, wakiimba. Waliurudisha mtaroni udongo wote waliokuwa wameutoa kwa shida. Wakaushindilia kwa miguu na magogo. Sijapata kuona kosa linafanywa kwa moyo mweupe namna ile.

Injinia alirudi siku ya mnada, mchana. Gari la ofisi lilimshusha dukani likageuza. Alikuwa amechoka, na mfuko wa karanga ulikuwa bado mkononi mwake, umefungwa vile vile alivyoufunga.

"Hukumkuta Ruthu?" nikauliza.

"Nilimkuta. Alikuwa kwenye kikao. Nilimwona kupitia kioo."

"Hukumngoja?"

"Nilingoja. Kikao kilikuwa kirefu." Akaweka karanga juu ya meza ya duka. "Zipo salama. Unaweza kuziuza."

Niliumia. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, lakini Matonya akatokea, uso unang'aa. Hakuwa amekwenda mnadani; alikuwa anamngoja bosi wake.

"Mbukwa, Injinia! Shikamoo! Karibu sana. Tumefukia msingi, wote, mpaka kule mwisho. Hata ng'ombe kipofu sasa atapita."

Injinia akageuka kutazama upande wa kalavati. Kutoka dukani unaliona vizuri. Ukuta ulikuwa umesimama, na pembeni mwake lile shimo liko wazi, limeachwa kama alivyoliacha. Akalitazama. Halafu akainua macho taratibu mpaka juu, begani kwa mlima, pale ulipokuwa mstari mweusi wa mtaro. Hapakuwa na mstari. Nyuma ya mlima, upande wa Kibakwe, mawingu yalikuwa yamepandana, ya chini meusi kabisa.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, kwa sauti ya kawaida, "Neno nililitoa mimi," akachukua sepeto lake nyuma ya duka langu na kuanza kupanda peke yake. Kofia aliisahau kwenye benchi.

"Ana nini?" Matonya akauliza.

Hapo ndipo akili yangu iliponifikia. "Alisema ufukie msingi wa ukuta, wewe! Wa ukuta! Umefukia mtaro unaolinda kisima!"

Matonya akageuka kutazama juu mlimani. Nikaendelea kumtukana nikiwa nalia. Nilimwambia mambo ambayo sitayarudia. Nilimwambia kwamba kama mume wangu atabaki peke yake hapa na mimi nikahamishiwa Mlali, basi yeye Matonya ndiye atakayekuja kumsomea dua kila Ijumaa, mwana kwaya kama alivyo. Hakungoja nimalize. Alikuwa ameshakimbia kumfuata Injinia.

Wanaume karibu wote walikuwa mnadani. Nikaona nifanye lililo ndani ya uwezo wangu. Kwenye geti la zamani la mgodi kinaning'inia kipande cha reli kilichokuwa kikigongwa kuwakusanya watu. Nikachukua jiwe nikaanza kukigonga kwa nguvu zote. Watu wakatoka mbio majumbani, wanawake, wazee, wasichana. Wote wakakimbilia upande wa pili, mbali na mlima.

Nilikuwa nimesahau. Reli ile mgodi ulipokuwa hai iligongwa kabla ya kulipua baruti. Miaka yote walifundishwa kwamba ikilia, ukimbie mlima. Na wakajifunza vizuri, Mungu awape nini. Ikabidi mimi na miguu yangu hii niwakimbize mpaka shuleni, nikipiga kelele kwamba si baruti, ni msingi, rudini, ni msingi, na wao wananiuliza kwa mbali, "Msingi gani?" Leo tunacheka. Siku ile sauti ilinikauka.

Tulipofika juu na majembe, Injinia na Matonya walikuwa wamekwisha kuanza. Injinia hakushangaa kutuona, wala hakutushukuru. Hakuwa na nafasi hiyo. Alitupanga. Alisema mtaro mzima hatuuwezi, tusijidanganye. Tufungue kona tu, pale maji yanapotakiwa kugeuka, na udongo tunaoutoa tuurundike upande wa chini, uwe tuta. Kwa bahati udongo ulikuwa bado mlaini; Matonya na wenzake walishindilia kwa nyimbo zaidi kuliko kwa magogo. Wengine walichimba kwa majembe, wengine walizoa kwa sufuria. Mimi nilizoa kwa kanga yangu, na sikuipenda tena baadaye.

Mvua ilitukuta pale pale. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagwa. Tukamwona Injinia amesimama kwenye kona, maji yanamtiririka kwenye upara, anatazama chini. Maji ya kwanza yakaja kutoka juu, membamba, ya rangi ya chai. Yakafika kwenye kona. Yakasimama. Kweli kabisa yalisimama, yakajaa, yakaanza kulamba tuta letu, kipande kimoja cha udongo kikadondoka upande wa kijiji. Matonya akajilaza. Alijilaza juu ya tuta kwa tumbo, mwili mzima, kama gogo. Wanawake wawili wakajilaza karibu yake. Sikumbuki nani alitangulia kucheka, lakini mtu alicheka. Na maji yakageuka. Yakashika njia ya mtaro, yakaanza kwenda, yanatembea.

Chini, kalavati likayapokea. Tulilisikia tukiwa juu.

Walioteremka waliteremka wakiimba, matope mpaka masikioni. Matonya alitaka kuomba msamaha, Injinia akamkatisha, "Shimo la ukuta liko wazi bado, kalifunike kwa turubai." Basi. Neno hilo hilo moja. Mtumba hawakuambiwa, na kijiji tulikubaliana bila kukubaliana kwamba hakuna la kuambiwa.

Tulibaki wawili juu ya kalavati. Nilimletea kofia yake.

"Linavuma," nikasema.

"Linavuma."

"Msimu huu likishika mpaka mwisho, hatuhamishwi."

"Hamhamishwi."

"Na wewe?"

Alivaa kofia. "Mimi nitakuwa nimemaliza."

Sasa hebu nisaidie. Msimu wote ule niliomba mvua isituvunje, na nilijua kwamba kila mvua inayopita salama inamsogeza mtu huyu kwenye gari. Niliswali nikiomba kitu, na moyoni nilikuwa na kitu kingine. Mume wangu abaki na mimi, Injinia aende. Au sote twende. Hakukuwa na mvua ya katikati. Jioni zile tuliongea kidogo kuliko zamani, naye aliendelea kununua kiberiti.

Kitu kimoja kilibadilika. Kila aliyetamka neno msingi mbele yake, aliulizwa papo hapo, "Upi?" Hata mwenyekiti akihutubia kuhusu misingi ya maendeleo, Injinia anauliza upi. Kijiji kikalidaka neno hilo. Matonya alinihadithia kwamba mchungaji aliposema kanisani juu ya msingi wa imani, kwaya nzima ilinong'ona, "Upi?" na mchungaji akapoteza mahali alipofika.

Mvua ikakatika. Kifuniko kizima. Kisima safi. Likaja turubai, vikaja viti vya plastiki, akaja mgeni rasmi na msafara wake kutukabidhi ardhi. Injinia alikaa mstari wa nyuma kabisa, karibu na spika. Mgeni rasmi alisema vizuri, hakuna ubaya. Akamaliza kwa kusema, "Na tumshukuru Mwenyezi Mungu, kwa sababu mwaka huu alitujalia mvua za wastani, hazikuleta madhara."

Za wastani! Nilisimama. Naapa nilisimama niseme, kanga mkononi, ile ile. Injinia alinitazama kutoka kule nyuma akatikisa kichwa kidogo, halafu akapiga makofi na wenzake. Nikakaa.

Baadaye nikamwambia, "Kwa nini ulinizuia? Hawajui hata ulifanya nini."

"Mama Abdu, kalavati likionekana ujue limeharibika."

"Wewe si kalavati!" nikamwambia.

Aliondoka asubuhi moja, gari lile lile la ofisi. Nilimfungia karanga. Alisema asante, akasema kaeni vizuri, mwambie Matonya aondoe miiba mdomoni mwa kalavati kabla ya mvua. Nilikuwa nimejipanga usiku kucha kwa maneno, na yaliyotoka yakawa, "Nikiwa na swali la msingi?"

"Upi?" akasema. Tukacheka kidogo, gari likaondoka.

Nilikwenda kufagia nyumba yake, maana hakuna aliyetumwa. Kitanda, meza, jiko la gesi. Kwenye kabati la jikoni, milango yote miwili, viberiti vimepangwa kwa safu, vipya, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Nilikaa sakafuni. Siku hiyo nilimlilia mtu aliye hai, na sikujua kwamba ni kazi kubwa kuliko kumlilia aliyekufa.

Kijiji kipo. Ng'ombe wanalisha mlimani. Wafugaji wamejifunza kuwavusha pale kwenye daraja dogo la magogo alilolijenga Matonya juu ya mtaro, ili mguu wa ng'ombe usivunjike tena. Nyuma ya duka mume wangu amelala palepale. Watoto waliozaliwa karibuni wanaamini Mlima wa Kampuni uliumbwa na Mungu.

Mvua ya kwanza ya msimu uliofuata ilikuja mchana, na ilikuwa kubwa. Watu wote wakaingia ndani wakafunga milango. Mimi nikachukua mwavuli. Sijui nilichokuwa nakifuata. Niliona tu si haki maji yale yapite bila mtu kuyasikiliza. Nilisimama juu ya kalavati, upande wa kulia, nikapiga simu Tukuyu.

"Injinia, shikamoo."

"Marahaba, Mama Abdu. Kuna tatizo?"

"Hakuna. Sikiliza."

Nikapiga magoti kwenye tope, nikaielekeza simu chini, kwenye mdomo wa mabomba. Nikaishikilia hapo mpaka mkono ukaingia ganzi. Nilipoirudisha sikioni nilidhani amekata.

"Upo?"

"Nipo," akasema. "La kushoto linakoroma."

Nikachungulia. Kweli, tawi la mgunga lilikuwa limekwama mdomoni mwa bomba la kushoto, limeshika majani. Nikashuka kwa makalio, nikalivuta kwa mpini wa mwavuli mpaka likang'oka likashika njia na kwenda zake. Mwavuli ukaenda nalo. Nikapanda tena, nimelowa chapachapa, nikaielekeza simu mara ya pili.

"Sasa?"

"Sasa linavuma," akasema. Halafu akasema, "Huku kwetu inanyesha kila siku. Sijui kwa nini, siisikii."

Tulikaa hivyo, yeye Tukuyu na mimi kwenye tope, tunasikiliza maji yanayopita chini ya barabara. Yeye hakukata, na mimi sikukata, mpaka simu yangu ikazima kwa kukosa chaji, mimi ninayewachajia simu kijiji kizima.